Baba Hakupenda Kukaa Ndani

Mama alikuwa akisema kwamba baba yetu aliijenga nyumba kwa ajili ya vyombo na nguo, watu hakuwafikiria. Alisema hivyo kila alipotoka jikoni na sinia la chakula akakuta mkeka umeshatandikwa uani, chemli imetundikwa kwenye msumari, na Baba ameketi amekunja miguu akiangalia juu kama anayesubiri mgeni kutoka huko. Nyumba yetu ya Ujiji ilikuwa na sebule nzuri tu. Ilikuwa na makochi yenye vitambaa alivyofuma Mama mwenyewe, na kabati la vioo alilotoka nalo kwao Mwanga alipoolewa. Wageni waliokalia makochi hayo ni wale ambao Mama aliwawahi mlangoni. Waliowahiwa na Baba waliishia mkekani.

Na kazi yake, kwa bahati mbaya, ilikuwa ya ndani. Alikuwa karani wa ghala bandarini Kigoma, katika jengo refu la bati lisilo na dirisha, lenye harufu ya grisi na magunia. Aliingia humo asubuhi na kutoka jioni. Wenzake walirudi Ujiji kwa gari, yeye alirudi kwa miguu, kupitia Mwanga, hata mvua ikinyesha. Tulimjua kwa mbali kwa mwendo wake. Mkono mmoja ulishika viatu, mwingine mtungo wa migebuka aliyoinunua njiani, na mdomo ukipiga mluzi. Akifika hakuingia ndani. Alizunguka nyumba, akapitia mlango wa uani, akamkabidhi Mama samaki na kuuliza, "Leo mmeona nini?"

Hakuuliza tumesoma nini, wala nani amegombana na nani. Alitaka kujua tumeona nini. Kaka yangu alijifunza mapema kuweka akiba ya jibu, na mimi nikamwiga. Tulimwambia tumeona kenge, au wingu lenye umbo la ng'ombe, au mtu amebeba kitanda juu ya baiskeli. Baba alisikiliza kila kimoja kwa makini kama taarifa ya habari.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake. Ijumaa aliswali msikitini na wazee wa mtaa, Jumamosi alishinda ghalani mpaka mchana, lakini Jumapili tulitoka. Kaka alitangulia na sufuria kichwani, mimi nikafuata na dumu, mdogo wetu wa kike akawa mabegani kwa Baba, na Mama akaja nyuma kabisa na mwavuli wake, akikanyaga kwa tahadhari kama paka kwenye umande. Tulikatiza mashamba ya michikichi mpaka tukafika sehemu ya ufukwe ambayo haikuwa na mwalo wa wavuvi wala mitumbwi. Hapo Baba alivua shati, akakusanya kuni, akapanga mafiga. Wakati wa mvua alitupeleka vilimani kutafuta uyoga na matunda ya makusu, tukarudi midomo ikinata utamu.

Kuogelea alitufundisha kwa khanga kuukuu. Alitufunga kiunoni, akashika ncha, akatuambia tulale chali juu ya maji. "Legeza shingo," alisema. "Ukikaza shingo, unazama." Mdogo wetu alijua kuelea kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake.

Mama hakuingia majini zaidi ya vifundo vya miguu. Baba alimwita kila mara.

"Mama watoto, njoo uone jua linavyotua Kongo."

"Nimeliona jana. Lilitua hapo hapo."

"La leo jekundu."

"Na wali wako wa leo mbichi. Hebu chochea moto."

Alinung'unika tangu tulipotoka mpaka tuliporudi, lakini sikumbuki Jumapili hata moja aliyochagua kubaki nyumbani. Alifuma vile vitambaa vyake pale pale mchangani, mgongo ameegemeza kwenye jiwe, na mara kwa mara aliinua macho kuhesabu vichwa vyetu majini.

Likizo ndefu tulikwenda Kagunga kwa shangazi. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba, mjane, aliyeanika dagaa na kuuza mawese, na sauti yake ilisikika toka mwaloni mpaka msikitini. Kwenda Kagunga tulipanda boti ufukweni Kibirizi, tukabanana na magunia ya unga na kreti za soda, Baba akasimama mbele kabisa huku upepo ukimjaza fulana kama puto. Upande wa kulia msitu ulishuka mpaka majini, na siku nyingine tulisikia sokwe wakipiga kelele juu huko. Kagunga penyewe ni ukanda mwembamba wa mchanga na nyumba, kisha mlima unapanda papo hapo. Kilele ndicho mpaka. Nyuma yake ni Burundi.

Baba aliupenda mlima ule kuliko mahali pengine popote. Kila asubuhi ya likizo alituamsha tukaupanda kabla jua halijawa kali. Juu kabisa alitusimamisha, akanyoosha mkono huku na kule.

"Angalieni vizuri. Mnauona mstari wowote?"

Tulisema hatuuoni. Tuliona nyasi na migomba, na moshi wa majiko ya watu upande ule na upande huu.

"Haya. Tushuke tukanywe uji."

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Kwetu Kigoma watu wazima wanapotaka kukumbuka umri wa mtoto au mwaka wa harusi, husema kabla ya wakimbizi, au wakimbizi walipokuja, au walipoanza kurudi. Walikuja kutoka Burundi kwa miguu na kutoka ng'ambo ya Kongo kwa mitumbwi, kwa mawimbi, mwaka huu wachache, mwaka mwingine umati. Redio ilisema mambo yake. Sisi watoto tulijua tu kwamba darasani kuna sura mpya, na kwamba sokoni Mwanga kuna akina mama wanaouza khanga walizokuwa wamevaa.

Likizo ninayotaka kuisimulia, nilikuwa msichana wa kutosha kubeba ndoo ya maji bila kumwaga. Tulikuwa tumefika Kagunga jana yake. Asubuhi Baba akatuchukua, mimi na kaka, tukaanza kupanda. Hatujafika nusu ya mlima tukaona watu wanashuka. Mwanzo walikuwa wachache, kisha njia nzima ikajaa. Walibeba magodoro, mbuzi, masufuria, watoto. Kilichonishangaza ni ukimya wao. Watu wengi kiasi kile, na kilichosikika ni mawe tu yakiporomoka chini ya miguu.

Baba alitusogeza pembeni kwenye nyasi wapite. Akaanza kuwasalimia kwa Kirundi, mmoja mmoja. "Mwakeye. Amahoro. Mwakeye, mama." Wengine waliitika, wengine waliangalia chini. Ikafika zamu ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na furushi kubwa kichwani, na nyuma yake mume wake amembeba mbuzi mabegani. Baba aliliondoa lile furushi kichwani mwa mwanamke bila kuuliza, akajitwisha mwenyewe. Kisha akatugeukia.

"Shukeni mbio. Mwambieni mama yenu na shangazi wabandike sufuria kubwa."

Tulishuka. Shangazi aliposikia hakuuliza wangapi. Alitoa sufuria la harusi, lile ambalo mtaa mzima huliazima, na Mama akaikunja khanga yake nzuri, akajifunga kiunoni, akaanza kusonga ugali wa muhogo. Jioni uani kwa shangazi hapakuwa na mahali pa kuweka mguu.

Yule mwanamke na mume wake na mabinti zao wawili walipewa nafasi chini ya kibanda cha nyavu. Mume alikuwa mtu mrefu, mkimya, mkulima wa milima ya juu huko. Baba alipenda kumwita "mtu wa mlimani," naye akamwita Baba "mtu wa maji." Waliongea Kirundi na Kiha vikichanganyika, pale walipokwama wakaongezea Kiswahili, na walielewana. Nilimwona mgeni wetu kuwa mtu wa ajabu, kwa sababu alikaa siku zote ameupa ufukwe mgongo. Ukimpa chakula, aligeuka kuelekea mlimani. Akiongea na mtu aliyesimama upande wa maji, aliongea akiangalia miguu yake.

Kagunga ilifurika. Mchanga wote ulijaa watu, na wengine walilala mpaka kwenye njia. Kila siku walishuka wengine. Watu walianza kuugua matumbo. Baba alikusanya vijana wa pale na wanaume wa waliokuja, wakachimba vyoo nyuma ya nyumba za mwisho, tangu asubuhi mpaka mikono ikachubuka. Na ule mlima wake ulianza kubadilika mbele ya macho yetu. Watu walihitaji kuni. Miti ya chini ilikwisha kwanza, kisha ya juu yake. Kaka yangu alilalamika kwamba hata ule mti tuliopumzika chini yake umekatwa. Baba aliuangalia mlima kwa muda.

"Walipika nini?" akamuuliza.

"Maharage."

"Basi yameiva."

Hakulizungumza tena, lakini nilimfahamu baba yangu, na nilijua kwamba limemuuma.

Habari zikaja kwamba meli itakuja kuwachukua watu kuwapeleka Kigoma, na kutoka huko malori yatawapeleka kambini. Meli haiwezi kufika ufukweni Kagunga. Inasimama mbali kidogo, na watu hupelekwa kwa mitumbwi. Wengi walifurahi. Yule mwanamke alianza kufunga vitu vyake. Mume wake akasema yeye hapandi.

"Nitapita milimani," alisema. "Nitawakuta huko."

"Utapita milimani na nani?" mke akamuuliza. "Unaijua njia?"

"Nitaiuliza."

"Utamuuliza sokwe?"

Hakucheka. Aliinuka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Mke alimfuata Mama jikoni, akalia kwa sauti ya chini. Alisema mume wake hajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi magoti. Kwao maji ni kijito unachokiruka. Tangu utotoni waliambiwa kwamba ziwa lina tumbo na halishibi. Alikuwa ametembea bila kula kutoka kwao mpaka hapa, akimbeba mtoto huyu na yule kwa zamu, na mbuzi juu yake, na hakuogopa. Sasa anaogopa maji, na anaona haya kusema.

Mama alimwambia Baba. Baba hakumwambia yule mtu lolote. Jioni, jua lilipopungua, alimwendea kule nyuma ya nyumba, akamwambia, "Nisindikize nikaoge." Wakaenda upande wenye mawe, mbali na umati. Mimi nilikuwa pale pale nasugua masufuria kwa mchanga, na hakuna aliyenifukuza.

Baba aliingia mpaka kiunoni. Yule mtu alisimama pakavu, mikono ameifunga kifuani. Walikaa hivyo. Baba alijisugua, akajimwagia maji, akapiga mluzi. Siku ya kwanza iliishia hapo. Siku ya pili yule mtu aliingiza nyayo. Siku iliyofuata alifika magotini, akasimama akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, na macho ameyafumba.

Baba alitoka kule kwenye kina akaja kukaa karibu naye, kwenye maji ya chini, kama mtu aliyeketi barazani kwake.

"Nikuambie jambo," alisema. "Nilipokuwa mdogo niliugua. Bibi yangu alinifungia chumbani tangu mvua za kwanza mpaka mahindi yakavunwa. Walisema upepo utaniua, wakaziba dirisha kwa magunia. Niliwasikia wenzangu wakicheza nje. Nilikuwa najua huyu ni nani na yule ni nani kwa sauti, lakini siwaoni. Mpaka leo mlango ukifungwa nyuma yangu, moyo unakwenda mbio. Hata nyumbani kwangu."

Yule mtu alifumbua macho. "Wewe? Mtu mzima?"

"Mimi. Na kazi yangu ni ndani ya ghala lisilo na dirisha."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Unafanyaje?"

"Naingia," Baba akasema. "Nikishaingia nawaza walioko nyumbani. Kisha jioni inafika, natoka."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Sijapata dawa nyingine."

Yule mtu aliyatazama maji. Kisha akaketi, polepole, maji yakamfika kifuani. Alitoa sauti ndogo kama mtu aliyeguswa na baridi, akamshika Baba bega. Walikaa pale bega kwa bega wakiangalia Kongo mpaka sufuria zangu zote zikawa zinang'aa. Nilirudi nyumbani nikiwa na jambo ambalo Mama hakulijua. Sikumwambia. Niliona si langu kulisema.

Siku ya meli palikuwa na vurugu ya watu na mizigo. Mbuzi alibaki kwa shangazi. Mke na mabinti walipanda mtumbwi kwanza. Yule mtu aliingia majini mwenyewe, mkono mmoja ameshika ukingo wa mtumbwi na mwingine bega la Baba, midomo ikicheza kwa sala. Akapandishwa. Lakini mtumbwi ulipotikisika alimkamata Baba mkono kwa nguvu, na Baba, badala ya kujinasua, akapanda pia, na kaptura yake inayochuruzika, bila shati, bila viatu. Alitupungia mkono kama kusema narudi sasa hivi.

Tuliwaona wakifika melini. Tuliwaona wakipanda ngazi, yule mtu mbele, Baba nyuma yake akimsukuma kwa kiganja mgongoni. Mitumbwi ikarudi, ikachukua watu wengine, ikarudi tena. Baba hakuwemo. Kisha meli ikapiga honi, ikageuza pua.

Mama alisimama kwenye mchanga, mkono kiunoni.

"Haya," akasema. "Na huyo naye ameshakwenda ukimbizini."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mama alijikaza, akajikaza, kisha naye akacheka, na hapo ndipo nilipoona machozi yanamtoka, na sikujua ni ya kicheko au ni ya yale majuma yote tuliyopitia.

Alirudi Kagunga kwa boti ya mizigo, akiwa na shati la kuazima lililombana makwapa. Alisimulia uani huku akila. Alisema kule melini walibanwa hata pa kugeukia hapakuwa, na yule mtu hakumwachia mkono njia nzima. Hata alipojaribu kujikuna, walijikuna wote wawili. Walipofika bandarini Kigoma watu walipangwa foleni, na Baba katika foleni hiyo, kifua wazi. Mwenzake wa ghalani alipita, akasimama, akarudi nyuma.

"Karani, hata wewe umekimbia?"

"Nimesindikiza mgeni," Baba akamjibu.

Alitembea kutoka bandarini mpaka Ujiji pekupeku, wanawake wa Mwanga wakimwonea huruma na mmoja akimpa ndizi. Alizila zote, akafika nyumbani ufunguo uko kwa Mama, jirani akamwazima shati. Hadithi hiyo iliishi kwetu miaka mingi. Kila mtu aliisimulia kwa namna yake, na Mama aliisimulia vizuri kuliko Baba.

Familia ile ilipelekwa kambini, mbali na ziwa, ndani huko kwenye miombo. Baba alikwenda kuwaona kila alipopata lori la kumchukua na baiskeli yake, na mara nyingine alinichukua. Walikuwa na kibanda cha udongo chenye turubai juu, na yule mtu alikuwa ameshageuza kila kipande cha ardhi kukizunguka kuwa bustani. Alipanda maharage mpaka kwenye kingo za mtaro. Baba, mtoto wa ziwa, hakujua kushika jembe, na yule mtu alimfundisha kwa subira ile ile.

"Usipige kama unaua nyoka," alimwambia. "Ardhi haikukimbii."

Wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi. Kwa hiyo wawili hao walitembea ndani ya mipaka, wakazunguka na kuzunguka, na mara nyingi niliwafuata nyuma nikichoka. Baba aliporudi nyumbani kutoka huko alikuwa mkimya zaidi. Mara moja alimwambia Mama, "Yule mtu amezaliwa juu ya mlima anaona nchi nzima. Sasa ameambiwa mwisho wako ni mti ule." Juma hilo hata kwenda kazini alitembea kwa miguu.

Miaka ilikwenda. Yule mtu na mkewe walipata mtoto mwingine kambini, wa kiume. Kaka yangu akamaliza shule akaenda Tabora. Kisha pakawa na mazungumzo ya amani, na watu wakaanza kurudi makwao, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa malori.

Walipata ruhusa ya kuja Ujiji kutuaga. Walifika Jumamosi asubuhi, Baba akiwa bado kazini, na Mama ndiye aliyewawahi mlangoni. Aliwakalisha sebuleni. Yule mtu alikaa kwenye kochi lenye vitambaa, magoti pamoja, amevaa koti lililopigwa pasi, na mkewe pembeni yake, na mtoto wa kiume aliyelala. Walileta mbegu za maharage ndani ya kibuyu. Mama alitoa vikombe vya kabatini, vile ambavyo sisi hatukuruhusiwa kuvigusa.

Nilimsikia Baba akija, mluzi wake ukitokea kona ya mtaa. Nilikwenda kumlaki uani nikamwambia wageni wako ndani. Alisimama. Alitazama mkeka uliokuwa umekunjwa ukutani. Kisha aliniachia viatu, akanawa uso, akaingia. Akaketi sebuleni, kwenye kochi, karibu na rafiki yake. Mlango uliachwa wazi, hilo tu. Akakaa hapo mchana wote na jioni yote. Nilikuwa napita na sinia na birika, na kila nilipopita nilimwangalia. Jasho lilimtoka kidogo kwenye paji la uso, lakini alicheka, akauliza habari za shamba lililoachwa huko, nani amelilima, nyumba imebaki ukuta au hata ukuta haupo. Yule mtu alijibu kila swali. Hakuna aliyemwambia mwenziwe neno kubwa. Walipoinuka, yule mtu alimshika Baba mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa muda mrefu.

Mama, walipokwisha kuondoka, aliokota vikombe taratibu. "Leo umenipa heshima," akamwambia Baba. "Umekaa kwenye makochi yangu."

"Makochi mazuri," Baba akasema. "Yana joto tu."

Alistaafu, akapata miaka mizuri michache. Akawa anashinda ufukweni, anawafundisha wajukuu kuelea kwa khanga, anarudi na mchanga kwenye nywele zilizokwishakuwa nyeupe. Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Alilazwa, na nilipokwenda kumwona niliona anavyokodolea macho dirisha dogo la wodi. Nilikaa naye. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba nilisikia yale aliyomwambia rafiki yake majini Kagunga. Alinigeukia.

"Ulikuwa unasugua masufuria," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ukayasugua sana." Akatabasamu. "Mwombeni daktari aniruhusu."

Daktari aliruhusu. Tulimtandikia kitanda barazani nyuma, pale upepo wa ziwa unapopita. Aliishi hapo majuma kadhaa, akila kidogo, akisikiliza watoto wa jirani. Mama alihamishia shughuli zake zote hapo, akachagua mchele hapo, akafuma hapo. Baba alifariki alasiri, mdogo wetu akimpepea na Mama akimsimulia habari za bei ya dagaa. Mama alimaliza sentensi yake kabla hajagundua.

Mazishi yalijaa. Walikuja watu wa bandarini, wavuvi, shangazi aliyezeeka akishikwa mikono, na mzee mmoja wa ghalani aliyeanza kusimulia ile habari ya foleni kisha akashindwa kuimaliza. Kwa rafiki yake wa mlimani tulipeleka salamu kwa mikono ya wafanyabiashara wavukao mpaka. Alikuja na mkewe wakati matanga yamekwisha kuanuliwa, wakakaa nasi, mume akalima bustani yetu yote ya nyuma bila kuombwa, na mke akakaa na Mama ndani.

Maana Mama alikuwa kwenye eda ya kufiwa na mume. Mwanamke aliyezungushwa vilimani na ufukweni maisha yake yote sasa alikaa chumbani, na nguo zake za kawaida, bila kutoka. Mimi nilipata likizo nikakaa naye. Siku zile nilipata kumjua baba yangu upya. Mama alinisimulia jinsi Baba alivyomchumbia: kwamba alikuja kwao Mwanga na wazee, wazee wakaingia ndani kuzungumza, na yeye akabaki nje, mpaka babu yangu mzaa mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, akauliza huyu anaoa binti yangu au anaoa kizingiti? Alicheka akisimulia, kisha alilia, kisha aliniuliza kama maharage yamewekwa motoni.

Eda ilipokwisha, akina mama walikuja wakamwogesha, wakamvika nguo mpya, wakala, wakaomba dua, wakaondoka. Kesho yake asubuhi Mama alitoka na mwavuli wake. Alisema anataka kwenda Kagunga kumwona wifi yake.

Tulipanda boti Kibirizi. Kule tulifika, tukalala, na alfajiri aliniamsha akasema anataka kuona hiyo njia ya mlimani, ambayo miaka yote aliwaachia watu wengine. Miti michanga ilikuwa imeanza kuota tena pembeni. Nilitangulia mbele kidogo, kwa kuwa nimezoea kutembea upesi.

"Punguza mwendo," Mama akasema nyuma yangu. "Baba yenu alikuwa akitukimbiza mno."

Nilipunguza. Akanishika mkono, tukapanda.